Kabla Uite Mbwa wa Ushago "Koko", Soma Hii Kwanza

Ukishuka Keroka uchukue boda hadi Gesima, msee wa kwanza kukukaribisha kwa boma yetu si mathe. Ni Simba. Rangi ya chai ya maziwa, masikio yamesimama kama antena, mkia umejikunja. Hana makaratasi yoyote. Mimi pia nilitoka chuo bila makaratasi, so tunaelewana.

Agosti mwaka jana tulikaribia kumuua.

Mpwa wangu wa miaka 6 alijaribu kumnyang'anya mfupa. Simba akamng'ata mkono, damu ikatoka. Mzae akashika panga. "Hii mbwa tunamalizana nayo leo." Bahati nzuri mathe alikuwa na akili. Akaosha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji ya kumwagika, dakika 15 hivi, halafu tukakimbia hosi.

Huko swali la kwanza lilikuwa moja tu: "Mbwa amechanjwa?"

Kimya. Simba alikuwa na miaka 4 na hajawahi kuona sindano. Si ati hatukuwa tunampenda. Tulidhani mbwa wa ushago anajilea.

Tukaambiwa tusimuue. Mtoto aanze sindano siku hiyo hiyo, na mbwa afungwe aangaliwe siku 10. Sababu ni hii: mbwa akiwa na virusi vya kichaa kwa mate siku ameuma, ndani ya hizo siku 10 ataugua na kufa. Akimaliza akiwa mzima, basi siku ile hakuwa anaambukiza, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimuua na umzike, umezika pia jibu.

Mimi ndio niliwekwa askari wa Simba. Siku ya nne akakataa ugali. Wacha nikwambie, nilitetemeka. Jioni nikamtupia omena kutoka mbali, akamaliza zote. Kumbe alikuwa amechoka na ugali mkavu tu, kama sisi wote.

Na juu sikuwa na kazi ingine, nikaanza kusoma kuhusu hawa mbwa. Hapo ndio nilishangaa.

Huyu si chotara wa bahati mbaya

Wengi wetu tunadhani mbwa "wa maana" ni German Shepherd, halafu huyu wa kwetu, esese wa kawaida, ni mabaki. Ukweli umegeuka. German Shepherd ni mbwa wa juzi, ametengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1800. Mbwa wa kijijini wa Afrika ametokana na wale walioingia na watu wa zamani sana, na hakuna mtu alikaa chini kumchora. Njaa, joto, magonjwa na chui ndio walichagua nani abaki.

Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha utafiti wa mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Waliwapata wengine wakiwa na damu ya kienyeji kabisa, na wengine wamechanganyika na mbwa wa kigeni. Basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka ila anatoa sauti kama anaimba, alikaa kundi moja na hawa wa kienyeji. Lakini Rhodesian Ridgeback, ile dogi watu hulipia doo mob wakiita ya Kiafrika? Damu yake nyingi ilionekana ya nje.

Basenji mwenyewe alikuwa mbwa wa kuwinda wa kijijini tu. Wazungu wakampeleka Uingereza miaka ya 1930, wakamwandikia makaratasi, sahi bei yake inakutoa jasho.

Sisemi Simba ni pure. Borabu hapo juu palikuwa mashamba ya wazungu, na mbwa wao hawakukaa ndani ya ua. Lakini umbo, akili na tabia ni za wale wa zamani.

Vile anafikiri

Huyu si mbwa wa "kaa", "simama", "nipe mkono". Amezoea kujiamulia. Ukimwita, kwanza anapiga hesabu kama inamlipa. Si ujinga huo, ni kujitegemea.

Ukimpiga hajifunzi kutii, anajifunza kukuogopa, na mbwa mwoga ndio huuma. Kinachofanya kazi ni chakula, ratiba na mtu mmoja anayemwamini. Mlishe saa ile ile kila siku. Mfunge mchana kama lazima, lakini usiku aachiliwe ndani ya ua. Mbwa wa mnyororo masaa 24 hugeuka mkali hadi kwa wenye boma.

Na wafunze watoto: mbwa akila au akilala, asiguswe. Sisi hatukufunza. Kosa halikuwa la Simba peke yake.

Anahitaji kidogo, lakini si sufuri

Hapa ndio tunapotea. Mwili wake mgumu unavumilia baridi na chakula cha kubahatisha. Haumkingi na kichaa.

- Chanjo ya kichaa: mara ya kwanza akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka. Weka kadi. Kaunti zikitangaza kampeni, mara nyingi karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke. Mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.
- Dawa ya minyoo: kila miezi 3. Krisi mkichinja, usimtupie maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Hayo ni minyoo ambayo hurudi kwa watu kupitia kinyesi chake.
- Kupe: usimwagie dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Ikizidi inamlewesha au kumuua. Uliza vet kipimo.
- Chakula: ugali na omena au mabaki ni sawa. Vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Maji safi kila siku.
- Kuhasi: kama hutaki watoto wa mbwa 6 wa kutupa barabarani, ongea na vet mapema.

Akiuma mtu

Osha kidonda dakika 15, sabuni na maji. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya miti shamba. Nenda hosi siku hiyo hata kama ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Sindano za mapema ndizo huokoa.

Siku ya 10 Simba alikuwa mzima, amekasirika tu. Wiki hiyo vet akaja na pikipiki akamchanja. Mpwa wangu ako poa, alama ndogo kwa mkono, na sai anajua mfupa si wa kugombania.

Kadi ya Simba inakaa kwa ile karatasi ya nailoni mathe huweka risiti za bonasi ya majani chai. Sasa kwa hii boma, mwenye hana makaratasi ni mimi pekee.