Uchungu Ukija Mbele ya Wakati

Baba, unatoka zamu ya usiku. Unamkuta mama amelala ubavu, anasema tumbo linakaza na kuachia. Mimba ina miezi saba. Jirani anashauri: "Apumzike tu, itapita." Pengine itapita. Lakini kama ni uchungu wa kuzaa, kila saa mnayokaa nyumbani inamnyima mtoto nafasi ya kuishi.

NI NINI?

Mimba huchukua majuma 40 hivi. Uchungu ukianza kabla ya majuma 37 kutimia, ni wa mbele ya wakati. Mapafu ya mtoto huenda bado hayajakomaa, na mwili wake haushiki joto vizuri. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni. Mara nyingi sababu haijulikani; mara nyingine ni malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, tansio au mimba ya mapacha.

DAWA ZINAZOSAIDIA

Ya kwanza ni nifedipine, kidonge cha zamani cha tansio. Hutuliza uchungu kwa siku mbili hivi, hauponyi. Siku hizo mbili ni za kumfikisha mama hospitali na kumpa dawa ya pili: sindano za dexamethasone, zinazokomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. Uchunguzi wa Shirika la Afya Ulimwenguni uliofanywa Kenya, Nigeria na nchi tatu za Asia, na kutangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa kila akina mama 25 waliopewa sindano hizo, mtoto mmoja zaidi aliokoka.

Dawa zote mbili ni za bei ndogo. Lakini msizinunue sokoni! Nifedipine inaweza kushusha damu ya mama kupita kiasi. Dexamethasone inatolewa mimba ikiwa kati ya majuma 24 na 34, mama akiwa hana ambukizo, na mahali wanapoweza kumtunza mtoto mdogo. Anayepima hayo ni mganga.

JE, DAWA MPYA ZINAKUJA?

Wengi wanauliza. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu sindano ya Makena, ya kuzuia kuzaa mapema. Bei ya kwanza ilitangazwa dola 1,500 kwa sindano moja, nayo ilichomwa kila juma. Uchunguzi wa baadaye haukuonyesha faida, ikaondolewa sokoni mwaka 2023. Atosiban iliruhusiwa Ulaya mwaka 2000. Ni ghali kuliko nifedipine, na yenyewe pia hutuliza kwa muda tu. Makampuni yanasita, kwa maana kujaribu dawa kwa mama mwenye mimba kunataka miaka mingi na uangalifu mkubwa, na dawa ya siku mbili haiuzwi sana. Basi tusikae kungojea dawa ya ajabu. Zilizopo zinafaa, mama akifika mapema.

SOMO LA KASONGO

Kuanzia miaka ya 1970, Kasongo ilijulikana na waganga wa nchi nyingi kwa mradi uliofanywa pamoja na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji: vituo vya afya karibu na watu, na nyuma yao hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito. Mpango huo unatufaa hata leo. Kituo kinatambua, hospitali inatibu. Njia iliyo katikati ni juu ya jamaa kuitayarisha, hasa kwa walio mbali Kabambare, wakati mvua inapoharibu barabara.

FANYENI HIVI

1. Mama aanze CPN mapema, ili umri wa mimba ujulikane. Pale atapewa pia vidonge vya kukinga malaria. Alale ndani ya chandarua.

2. Wekeni akiba ya safari, na mpatane mapema na mwenye pikipiki.

3. Tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara, maji yakivunjika, damu ikitoka, au kiuno kikiuma na uzito kushuka chini, nendeni kituoni saa ileile, hata usiku.

4. Mtoto akizaliwa mdogo, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe vizuri, anyonye. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na haina bei. Mama akichoka, baba naye ana kifua chenye joto.

Baba, usiogope kuambiwa mmekuja bure. Kurudi nyumbani na mimba salama si hasara.