Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Upau wa Kompyuta Ukitoweka

Katika kambi zetu na vituo vya polisi, kompyuta imeshika mahali pa taipureta. Humo huandikwa maelezo ya mashahidi, hesabu za posho na orodha za zamu. Basi karani aonapo ule upau wa kazi, wenye menyu, saa na majina ya madirisha, umetoweka ghafla, hofu humwingia. Aghalabu hukimbilia kuzima umeme. Mwingine hudai mfumo mzima ufutwe na kutiwa upya. Hapo ndipo hasara ya kweli huanza, kwani maelezo ambayo hayajahifadhiwa hupotea, na huenda shahidi amekwisha kurudi kijijini kwake.

Sisi twasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mfumo wa Linux, ambao kiini chake kilitolewa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, hufanya kazi kama kikosi: kila sehemu ina lindo lake. Katika mandhari ya Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, upau ni programu ya peke yake. Ukianguka, ni mlinzi mmoja tu aliyeacha lindo. Mafaili yako hayajaguswa, na madirisha yangali wazi.

Kwanza, hifadhi kazi. Bonyeza Alt na Tab kupita dirisha hadi dirisha, na katika kila moja bonyeza Ctrl na S.

Pili, peleleza kabla ya kushambulia. Sukuma mshale wa kipanya hadi kingo zote za skrini, kwani upau waweza kuwa umewekwa ujifiche. Ikiwa mashine ilikuwa na skrini mbili na moja imeondolewa, huenda upau ulikuwa umepangwa kwenye ile iliyoondolewa.

Tatu, mwite mlinzi arudi. Bonyeza Alt na F2, kisandiku kitafunguka. Andika xfce4-panel, kisha bonyeza Enter. Mara nyingi upau hurejea papo hapo. Amri hiyo yaweza pia kuandikwa katika terminali, lakini terminali ikifungwa, upau waweza kuondoka nayo.

Nne, usipodumu, ingia kwa jina la mtumiaji mwingine aliyeruhusiwa. Upau ukionekana huko, mfumo ni mzima. Kasoro imo katika mipangilio yako, iliyowekwa ndani ya folda iliyofichwa iitwayo.config. Hapo mwite fundi, naye asifute kitu: aibadilishe jina mipangilio ya upau, ili ya zamani ibaki kama akiba.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Wakati wa kutoka, mfumo huuliza kama uhifadhi hali ya kikao. Ukikubali hali upau haupo, kesho mashine yaweza kufunguka vivyo hivyo, bila upau. Urudishe kwanza, ndipo uhifadhi.

Ndugu askari, bunduki ikikwama hatuitupi mtoni. Twaikagua kwa utaratibu tuliofundishwa. Kompyuta nayo yastahili nidhamu hiyo hiyo. Kila ofisi na iziandike hatua hizi katika karatasi na kuibandika ukutani, ili karani wa zamu ya usiku asikose msaada.