Inveta ya sola inavyochaji betri kwa umeme wa TANESCO

Wadau, mvua za Januari hapa Singida jua linapotea siku mbili, betri inakuwa hoi, oda za usiku zinaingia simu imezima. Cheki inveta yako nyuma. Kama pameandikwa AC INPUT na kwenye mipangilio kuna chaji ya umeme, basi ina chaja ndani. Waya wa ukutani uingie hapo tu. Ukiuchomeka kwenye tundu la kutolea, utaiunguza (fundi akufungie). Chagua sola ianze, TANESCO isaidie.

Muhimu zaidi ni ampea. Betri ya maji ya volti 12, Ah 100, mimi naiwekea 10. Ukiweka 30 inachemka, maji yanakwisha haraka. Ikiwa imebaki nusu, inachukua saa 6 au zaidi, LUKU inakula kama yuniti moja.