Barabara za Juu: Kwa Nini Hujengwa na Kwa Nini Hubomolewa

Abiria atokaye Kibaha kwenda Kariakoo hupita Ubungo. Atokaye Kisarawe hupita Pugu na Gongo la Mboto hadi TAZARA. Zamani makutano haya mawili yalijulikana kwa foleni. Leo yote yana barabara za juu, yaani barabara zilizoinuliwa kwa nguzo ili zipite juu ya nyingine.

Sababu za kujengwa
Kwenye mataa, magari ya upande mmoja husimama ili ya upande mwingine yapite. Barabara ya juu huondoa kusubiriana huko. Mfano, kwenye Daraja la Mfugale, TAZARA, lililozinduliwa Septemba 2018, magari ya Barabara ya Nyerere hupita juu ya Barabara ya Mandela. Daraja la Kijazi, Ubungo, lenye ngazi tatu, lilizinduliwa Februari 2021.

Sababu za kubomolewa
Jiji la Seoul, Korea Kusini, lilifunika mto Cheonggyecheon, kisha likajenga barabara ya juu mahali pake katika miaka ya 1960 na 1970. Baadaye nguzo zilichakaa, matengenezo yakawa ghali, na eneo la chini likawa na kelele na hewa chafu. Ubomoaji ulianza mwaka 2003. Mwaka 2005 mto ulifunguliwa tena kwa wananchi. Wakati huohuo jiji liliboresha usafiri wa mabasi kwa kuyatengea njia zake, hivyo watu hawakuachwa bila njia ya kusafiri.

Funzo
Barabara ya juu huondoa kikwazo cha makutano, lakini haipunguzi idadi ya magari. Gari lililovuka TAZARA bila kusimama laweza kukwama kwenye makutano ya mbele. Ndiyo maana Dar es Salaam ina pia mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016: basi moja hubeba watu ambao wangejaza magari madogo mengi.

Zingatia
Usiishie kuandika kwamba "barabara za juu hupunguza foleni". Eleza zinavyopunguza, toa mfano, kisha taja mipaka yake. Hoja isiyo na maelezo haikupi alama zote.

Swali la kujipima
"Barabara za juu pekee haziwezi kumaliza foleni mijini." Jadili kauli hii kwa hoja nne.