Sura ya Sita: Mwenza Asiye na Cheti

Hamamu ya Kidichi ilijengwa kwa ajili ya mke mgeni. Sayyid Said bin Sultan aliijenga karibu na mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, na nakshi za ndege na maua zilizobaki ukutani ni za huko alikotoka. Ndoa ndiyo iliyomleta Unguja, na talaka ndiyo iliyomrudisha kwao. Mwaka 1866 zamu ikamfikia binti wa Sayyid mwenyewe. Salme alikuwa na ujauzito wa Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na hawakuwa wameoana. Akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, na kwa ndoa hiyo akapata uraia wa mumewe.

Sheria yetu ya leo haijaenda mbali na hapo. Mchukue kijana wa Kidichi anayetembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, na mpenzi wake wa Kikanada ambaye kila mwaka anaona uzito zaidi kuondoka. Uhamiaji ni jambo la Muungano, hivyo Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inamhusu aliyeko Bububu kama inavyomhusu aliyeko Mwanza. Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu: A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la waajiriwa, C la wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wastaafu na wengineo. Mpenzi hamo. Hata mchumba aliyekwisha kuvishwa pete hamo.

Hapo ndipo watu hutaja miaka miwili. “Tukikaa miaka miwili tushakuwa mke na mume,” husema, na wanalolisema lina asili yake: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa ni mke na mume, mahakama itachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambako ndoa za Waislamu ziko chini ya Kadhi. Na hata Bara, kifungu hicho ni cha mahakamani, watu wanapogombea matunzo au mali. Afisa wa uhamiaji hakai kudhani, anataka cheti.

Basi wapenzi huishi kwa karatasi za mambo mengine. Wengi hutegemea viza ya matembezi, siku 90, kisha mgeni atoke, na akirudi awe tayari kuulizwa maswali. Mwenza Mkenya ana nafuu, kwani raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita. Wengine huomba daraja C kwa kujitolea, au husajili kampuni. Mwenye fedha hununua nyumba kwenye miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji Zanzibar, ZIPA, kuanzia dola 100,000, akaombea ukaazi hapo. Mimi hili huniudhi kidogo: aliyenunua fleti Fumba ana mlango wake, na aliyeishi na wakweze watarajiwa akajua hadi kukuna nazi hana.

Tahadhari moja wengi huipuuza. Mgeni mwenye viza ya matembezi anayekaa mapokezi ya nyumba ya wageni ya mpenzi wake anafanya kazi, hata kama halipwi senti, na kazi inahitaji kibali chake. Kibali cha kazi kwa Zanzibar hutolewa na Kamisheni ya Kazi, maana kazi si jambo la Muungano.

Kwingine mizani ni tofauti. Uingereza hupokea maombi ya wenza wasiooana wenye uhusiano wa miaka miwili. Kanada huridhika na miezi kumi na miwili ya kuishi nyumba moja, popote duniani, mradi kuna ushahidi. Kwa hiyo mwaka wa kuishi pamoja Kidichi una thamani Ottawa kuliko Unguja kwenyewe. Kasheshe ni ushahidi: barua ya sheha ingefaa sana, lakini ni sheha gani atatia muhuri kwamba fulani na fulani wanaishi kinyumba?

Wengi huishia kuoana, mgeni akisilimu ikibidi, kisha mwenyeji akamwombea mwenzake pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo humwezesha kukaa. Haimruhusu kufanya kazi. Na hata cheti hakifungui mlango sawa kwa wote. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hupita njia ya kila mgeni, ya kuishi nchini miaka mingi kwanza. Uraia wa mkwe wa Kidichi hutegemea basi kama mwenyeji ni kaka au ni dada. Uraia nao ni wa Muungano, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi haliwezi kukigusa kifungu hicho. Wa kukibadili ni Bunge la Dodoma, na wabunge wa Unguja na Pemba wamo humo.