Ukimya Katika Njia: Kwa Nini Mawasiliano ya Ofisi Hukatika Yakiwa Yamepumzika

Mwezi Machi mwaka 1872 H. M. Stanley aliagana na Daktari David Livingstone huko Unyanyembe, akashika njia ya misafara kuelekea Bagamoyo. Livingstone alibaki katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Wapagazi hao walifika mwezi Agosti. Kwa muda wa miezi mitano ukimya wa njia ile uliweza kuwa na maana mbili: ama msafara unakuja salama, ama umepotea. Mwaka uliotangulia vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida baina ya Tabora na Ujiji. Kwa hiyo maana ya pili haikuweza kupuuzwa.

Leo habari hutoka Tabora hadi Dodoma kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata hivyo, tatizo la ukimya lingalipo. Mtumishi wa ofisi mjini Tabora aweza kuiunganisha kompyuta yake na makao makuu, akajaza orodha ndefu ya matokeo ya mitihani, kisha akaondoka dakika kumi kunywa chai. Arudipo, kioo chaonyesha kuwa njia ipo, lakini akipeleka orodha yake haifiki. Kazi ya asubuhi nzima yaweza kupotea.

Njia ndani ya njia

Ofisi nyingi huunganishwa kwa mtandao pepe wa faragha, ujulikanao kwa herufi VPN. Jina hilo lisimdanganye msomaji: hakuna waya uliotengwa kwa ajili ya ofisi hiyo. Habari hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kila pakiti hufichwa kwa hesabu za siri, kisha hutiwa ndani ya pakiti nyingine na kusafirishwa katika intaneti ya watu wote. “Njia” yenyewe ni mapatano tu, yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu za mashine za pande mbili. Wakati hakuna pakiti ipitayo, hakuna kitu chochote njiani.

Mlinzi asahauye

Baina ya pande hizo mbili husimama mashine nyingine, yaani ruta. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao ungali ukitumika, ni 4,294,967,296 tu, nazo hazitoshi kwa vyombo vyote duniani. Hivyo kompyuta nyingi za ofisi hutumia anwani moja ya nje. Pakiti itokapo, ruta huandika mstari katika jedwali lake: kompyuta fulani ya ndani inazungumza na mashine fulani ya nje. Jibu lirudipo, ruta husoma jedwali na kulifikisha kwa mwenyewe.

Jedwali hilo lina nafasi ya kadiri, na mistari isiyotumika sharti ifutwe. Mazungumzo ya itifaki iitwayo TCP huwa na salamu ya kuagana, ambayo humjulisha mlinzi kwamba yamekwisha. Lakini VPN nyingi hutumia itifaki ya UDP, isiyokuwa na kuagana. Mlinzi hana dalili nyingine ila saa: pakiti zisipopita kwa muda fulani, huufuta mstari, wala hamwambii mtu. Tangu hapo pakiti itokayo makao makuu hukuta mlango haumtambui mwenyewe, ikatupwa.

Mwaka 2007 wahandisi wa kimataifa wa IETF waliagiza kwamba mstari wa UDP usifutwe kwa kawaida kabla ya dakika 2, na wakashauri dakika 5 au zaidi. Si ruta zote zinazotii. Baadhi husahau baada ya sekunde 30.

Dawa yake

Dawa ni kuvunja ukimya kabla mlinzi hajasahau. Mashine ya ndani hupeleka pakiti ndogo isiyo na habari yoyote, kwa kusudi la kuonyesha uhai tu. Katika VPN za aina ya IPsec pakiti hiyo hubeba baiti 1 tu ya ujumbe, nayo kwa kawaida hupelekwa kila sekunde 20 za ukimya. Katika programu ya WireGuard muda unaoshauriwa ni sekunde 25. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo pakiti hazizidi 3,456. Kila moja ikiwa na baiti 60, jumla ni baiti 207,360, ambazo ni chache kuliko picha moja ya simu. Gharama kubwa zaidi ni ya betri, kwani simu huamshwa kila mara.

TCP nayo ina ishara ya uhai, lakini kanuni ya mwaka 1989 iliweka muda wake wa kawaida usiwe chini ya saa 2. Mlinzi asahauye baada ya dakika kumi hawezi kusubiri hadi hapo. Lazima muda huo upunguzwe.

Ukomo wa dawa

Yapasa kutofautisha kusahau na kufunga. Makao makuu mengine hukata mawasiliano kwa makusudi endapo mtumiaji hagusi kompyuta, ili mpita njia asisome siri za watu. Huo ni ulinzi, wala si kasoro. Kuukwepa kwa hila ni kuacha mlango wazi. Anayeona muda huo ni mfupi mno na aombe wasimamizi wauongeze, na kabla ya kuondoka ahifadhi kazi yake.

Jaribio la shule

Kwa idhini ya msimamizi, wanafunzi waweza kuupima muda wa kusahau. Waunganishe VPN bila ishara ya uhai, wafunge programu zote nyingine, wakae kimya dakika 1, kisha mashine ya upande wa pili ipeleke ujumbe. Ukifika, waunganishe upya na kujaribu dakika 2, 4, hata 8. Ukishindwa baada ya 4 ilhali ulifika baada ya 2, muda unaotafutwa u baina ya hizo mbili, wajaribu 3. Ishara ya uhai na iwekwe chini ya muda mfupi kabisa utakaoonekana.