Kivu Kusini: Baada ya mafuriko ya Kalehe, nani anatibu moyo?

Siku ya alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu, katika teritwari ya Kalehe. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, maji yakashuka na mawe na matope juu ya soko na nyumba. Nyamukubi na kijiji jirani cha Bushushu viliharibika vibaya. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei ilitangazwa kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Katika misiba kama hiyo, chakula, mahema na dawa hutafutwa haraka. Lakini mtu ambaye halali tena kila mvua inaponyesha, nani anamuhudumia? Hapo ndipo kazi ya mwanasaikolojia inaanza, na si kazi ambayo watu wengi wanaifikiria.

Si kila anayetetemeka ni mgonjwa

Siku za kwanza, kutetemeka, kukosa usingizi, kunyamaza ao kukasirika bure ni mambo ya kawaida. Wakaaji wa Goma wanayajua. Baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi iliendelea kutikisika siku nyingi, na wengi waliogopa kulala ndani ya nyumba. Hawakuwa wagonjwa: mwili ulikuwa unajilinda.

Kwa wakati huo kuna kile kinachoitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Kitabu cha mwongozo kilichotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, pamoja na washirika wake, kinaifupisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko katika hatari. Sikiliza anayetaka kusema. Muunganishe na jamaa zake, maji, chakula na habari za kweli. Mtoto aliyepotezana na mama yake anahitaji kwanza kurudishwa kwa mama, kabla ya maswali yoyote.

Kosa la kulazimisha watu kusema

Zamani, watu waliookoka walikusanywa pamoja, kila mmoja akaombwa kueleza yote aliyoyaona, mara moja tu, kisha wakaachwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba njia hiyo haizuii ugonjwa wa kiwewe, na kwamba kuna watu ambao inaweza kuwazidishia maumivu. OMS inashauri isitumiwe.

Kwa hiyo mtu anayefika na daftari na kumwambia mama aeleze namna watoto wake walivyokufa anaweza kumuumiza, hata akiwa na nia nzuri. Jambo hilo linatuhusu sisi waandishi wa habari pia, tunaofika na simu na mikrofoni kabla machozi hayajakauka.

Kilio bila maiti

Kwetu, kilio kina utaratibu wake. Majirani wanakuja, wanakaa, wanalala kwa mfiwa, wanazika pamoja naye. Huko Kalehe, familia nyingi hazikupata mtu wa kuzika. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, amechunguza kwa miaka mingi huzuni ya namna hiyo, ya mtu asiyejulikana kama yuko hai ao amekufa. Mke anaendelea kungojea, na akisema mumewe amekufa, anajiona kama amemsaliti.

Mwanasaikolojia mwenye ujuzi hamlazimishi kukubali kifo. Anamsaidia kuishi na mambo yote mawili, kungojea na kuendelea. Anaweza kupatana na familia na mchungaji ili ifanyike sala ya kumkumbuka, hata kama iliyobaki ni shati lake tu. Bila kujua desturi za watu, mtaalamu hawezi kufanya kazi hiyo.

Wachache wanaohitaji mtaalamu

Mwaka 2019, OMS ilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita miaka 10 iliyotangulia, watu 22 kwa 100 wana ugonjwa wa akili: 13 wa kiasi kidogo, 4 wa kiasi cha kati, 5 mkali. Wengi kati ya hao wa kwanza wanaweza kusaidiwa na watu wa mtaa wenyewe waliofundishwa. OMS ina njia moja ya vikao vitano ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kujifunza, mradi awe na mwanasaikolojia wa kumsimamia.

Wale wa ugonjwa mkali wanahitaji mahali kama SOSAME huko Bukavu ao Tulizo Letu huko Goma. Lakini familia iliyopoteza shamba na mbuzi inapata wapi pesa za safari? Wengi wanaishia katika chumba cha maombi, ao wanamficha mgonjwa nyumbani kwa kuogopa aitwe kichaa.

Tena, miradi ya dharura huhesabiwa kwa miezi. Huzuni haifuati kalenda ya mradi: msimu wa mvua unarudi, na hofu inarudi nayo. Ndiyo sababu mwanasaikolojia anapaswa kuwa katika kikosi cha msaada tangu siku ya kwanza, na kubaki katika zoni ya afya wakati mahema yameondolewa.

Wewe msomaji, ikiwa ndugu ao jirani yako amepita mwezi mzima halali, hali vizuri, hajali tena watoto wake, ao anakunywa pombe ili asahau, mpeleke kwenye kituo cha afya. Akisema anataka kufa, usingoje mwezi: mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.